Mkate wa Mofa Bila Maji

Jumanne, 18 Februari 1964

Mkufu wa mavyaa umepotea. Ule wa dhahabu wenye kijimwezi. Aliuvaa Idi, joto lilipomzidi akauvua, akauweka chini ya mto, akajilaza. Kuamka, hauko. Chumbani tuliingia wawili tu: mimi niliyempelekea chai, na shoga yangu Biasha aliyekwenda kumpa mkono wa Idi. Mavyaa hataji mtu. Anauliza tu, huku kanikazia macho, kama kuna aliyemwona paka akipita na kitu mdomoni.

Paka! Paka avae dhahabu aende wapi?

Boga mume wangu yuko kiwandani Ramisi, haji mpaka Jumamosi. Mpaka hapo niko peke yangu na mamake. Mwanangu Mejumaa kaniuliza mbona bibi hali chakula changu. Nikamwambia bibi kashiba. Mtoto wa miaka sita, lakini alinitazama kama hakimu.

Sikuchukua mimi. Sasa kabaki nani? Sisemi. Naandika tu, na daftari narudisha ndani ya debe la mchele.

Na macho haya! Leo tena yamejaa mchanga. Nikipepesa, kope zinakwaruza. Mchanga wenyewe kila nikiutafuta kwenye kioo siuoni.

Jumatano, 19 Februari

Nimekaa nikafikiri. Macho yalianza lini? Kabla ya Ramadhani. Na kabla ya Ramadhani nani aliniletea wanja kutoka Mombasa? Biasha. Akasema paka, shoga, upendeze. Nikapaka, nikapendeza, na sasa nakwaruzwa.

Leo nimemshika mbuzi wa mavyaa nikampaka wanja ule jicho moja. Nikamtazama mpaka magharibi. Hana neno! Anakula, anapepesa, mrembo kunishinda. Mavyaa akatoka, akauliza nani kampamba mbuzi wake. Nikasema sijui. Akanitazama. Basi hapo nilidanganya, na yeye kaona nadanganya, na sasa kila nitakalosema ni la mpaka wanja mbuzi.

Lakini wanja huenda una nia yake. Humpata aliyekusudiwa, mbuzi humwacha. Nimeutupa chooni.

Ijumaa, 21 Februari

Kisimani leo walinyamaza nilipofika. Watu hawanyamazi bure. Nikajifanya nafunga kamba ya ndoo, nikasikia mmoja akisema kwa sauti ya chini kwamba mtu anayekunywa maji mchana wa Ramadhani hamwogopi Mungu, ataogopa mkufu wa mkwewe?

Nilikunywa. Kweli nilikunywa, nyuma ya jiko. Ulimi ulikuwa umegandamana na kaakaa, nikadhani nitakata roho. Na jioni, wakati wenzangu wanafuturu, tende ilinikaa mdomoni kama kipande cha ngozi. Mate hayaji! Nikizungumza ulimi unalia ta, ta. Jino la nyuma limemeguka. Mashavu yamevimba, mtu angesema nina matubwitubwi, na vidole asubuhi haviwezi kukamua hata nazi.

Aliyeniona nakunywa ni mtu mmoja. Biasha. Alicheka, akasema kunywa mwenzangu, Mungu mwingi wa rehema. Mungu aliona akanyamaza. Biasha aliona, na sasa kisima kizima kimeona.

Jumamosi, 22 Februari

Boga kaja. Hata viatu hajavua, mamake kamkalisha.

Mavyaa alitaka isomwe Halbadiri, dua ya kumwapiza mwizi. Boga akamsihi, akasema Halbadiri haichagui, itatumaliza nyumba nzima, bora mkate. Wakaafikiana mkate. Mwalimu Abdurahman atausomea Yasini mkate wa mofa, ule wa mtama, uliolala mpaka ukawa mgumu kama kigae. Mimi na Biasha tutamega, tutatafuna, tutameza. Bila chai, bila maji. Mwenye haki humshuka. Mwizi humkaba kooni. Ndivyo walivyofanya babu zao Kinondo hapa, na haijapata kukosea, ati.

Mwalimu yuko safarini Vanga, kwa hiyo itakuwa Ijumaa ya tarehe sita, baada ya sala.

Nikamuuliza Boga faraghani, na ukinikaba? Akasema hautakukaba. Nikasema nijibu. Akatazama mlango. Akasema mama kesha apa kwamba mwizi halali nyumbani mwake, kwa hiyo nitarudi kwetu Kibuyuni na talaka yangu, na Mejumaa atabaki kwa babake.

Sikulia. Nilitaka kulia, machozi hayakuja hata tone. Mavyaa alikuwa nje ya pazia. Nikamsikia akijisemea: jicho kavu! Mwenye haki angelia.

Jumapili, 23 Februari

Nimeiba. Lakini ni mkate! Kipande cha mofa jikoni, nikaenda nacho shambani, nikakaa chini ya mkorosho nijaribu.

Nilitafuna mpaka taya zikauma. Ukawa vumbi, kisha ukawa udongo, kisha ukashika pembe zote za mdomo. Nikameza. Haukwenda! Nikautoa kwa kidole.

Sikuchukua mkufu. Nimeapa kwa Mungu peke yangu pale shambani, na mkate umenikwama. Nimeogopa mno. Nikaanza hata kujiuliza mimi: kwani nilipoweka kikombe cha chai pale kando ya mto, mkono wangu ulifanya nini? Nimefikia kujishuku mwenyewe, Mwanapili binti Chirau. Hapo ndipo waliponifikisha.

Nimemwambia Boga macho yananiuma, anipe ruhusa ya hospitali. Ya mdomo sikutaja. Nisije nikaambiwa natafuta kisingizio.

Jumanne, 25 Februari

Msambweni hospitali. Daktari Rai, Muhindi mwembamba, Kiswahili chake cha dukani lakini adabu anayo. Kaniamkia kwanza yeye.

Nikamweleza macho tu. Akanitazama macho, akanibonyeza mashavu, akavishika vidole. Kisha, bila mimi kutaja mdomo, akauliza: "Mama naweza meza mkate kavu bila maji?"

Nilisimama! Nikamwambia nani kakwambia? Nani kaja hapa? Akashangaa. Akasema hakuja mtu, hilo ni swali huulizwa kila mgonjwa mwenye macho kama yangu. Swali la kila mgonjwa! Nilimwuliza mama aliyekuwa kwenye benchi na jicho jekundu. Hakuulizwa mkate wowote.

Nikajibu, siwezi. Akatikisa kichwa kama mtu aliyepata alichokitafuta.

Akachukua vipande viwili vya karatasi nyembamba ya kunyonya maji, akanitundika ndani ya kope za chini, kila jicho lake. Fumba, akasema. Nikafumba. Nikajua tu, hiki nacho ni kiapo! Cha karatasi. Alipozitoa, akazitazama juani. Kavu, zote mbili, kama zilivyotoka kwenye kikasha. Nikamwuliza, nimeshindwa? Akacheka kidogo. Akasema sikushindwa wala sikudanganya, jicho langu halina maji, na mdomo vilevile.

Nikamwuliza ugonjwa unaitwaje. Akasema shoga.

Wallahi nimesikia kwa masikio yangu. Shoga! Halafu kuna mkia wa Kizungu, reni, shoga-reni. Nikauliza, shoga gani? Akasema huyo ni daktari wa Ulaya aliyeugundua. Anaficha! Jina atapachika la Ulaya, lakini ulimi wake umesema.

Kanipa chupa ya matone, akasema ninywe maji kidogo kidogo, nirudi Jumatatu.

Jumatano, 26 Februari

Kikulacho ki nguoni mwako. Biasha kapiga hodi asubuhi, kaja na tambuu, tutafune kama zamani. Nikajibu kwa ndani kwamba nimelala. Akasema mbona wanijibu na umelala. Akakaa kizingitini kitambo. Akaondoka.

Tambuu kaiacha mlangoni. Nimeisukuma kwa ufagio.

Hata hivyo matone ya yule Muhindi, nikitia, macho yanapoa. Sitaki kusema kweli, lakini yanapoa.

Jumatatu, 2 Machi

Nimerudi Msambweni. Niliingia na maneno yangu nimeyapanga. Nikamwambia daktari, mimi mtu mzima, sema tu ni nani. Shoga gani? Kafanya nini, kwa wanja au kwa chakula?

Akachukua kalamu, akaandika jina lile herufi kubwa, akanipa nisome. Nikasoma. SJÖGREN. Herufi ya pili ni ya jimu, na ile O ina vitone viwili juu kama jicho la kinyonga. Hakuna shoga mle! Nikaona haya mpaka masikio yakapata moto.

Kisha akanieleza, taratibu, na Kiswahili kilipomshinda, muuguzi alimsaidia. Ndani ya mwili mna askari wa kupigana na maradhi. Wangu wamekosea. Wamevitazama vifuko vinavyotengeneza machozi, na vile vya mate mashavuni, wakavishuku kuwa adui, wakavipiga. Vimeumia, havitoi maji. Ndiyo mchanga wa macho, ndiyo jino, ndiyo tende ya futari. Na vidole, hao hao. Akaniuliza kama nilisikia redioni habari za askari walioasi kule Lanet mwezi wa kwanza. Nikasema nilisikia. Akasema basi, namna hiyo.

Nikamwambia wale walizimwa upesi. Hawa je? Akasema kuwazima hatujui, huwatuliza tu. Nikauliza aliyewachochea ni nani, au ni yale maji niliyokunywa mchana wa Ramadhani. Akasema hajui. Ulaya nako? Hawajui. Lakini si wanja, akasema, si kufungua Ramadhani, si mtu, wala si dhambi.

Hajui! Miaka thelathini na tano sijasikia daktari wala mganga akisema hajui. Hapo ndipo nilipoanza kumwamini, kidogo.

Nikamweleza ya Ijumaa. Akakunja uso. Akasema mkate ule hata nikiwa malaika hautanishuka bila maji. Yuko tayari kumweleza mzee yeyote atakayekuja.

Njiani nilicheka peke yangu, watu wakanitazama. Mwili wangu umechukua tabia yangu! Unashuku wa nyumbani. Kisha kicheko kikanigeukia, nikasikia uchungu, maana nilimkumbuka Biasha kizingitini. Lakini subiri kwanza. Kama si mchawi, haina maana si mwizi. Mkufu haukuota miguu.

Jumanne, 3 Machi

Nimemwambia mavyaa yote. Nilimpa shikamoo, nikakaa chini mkekani kama inavyotakiwa. Askari, vifuko, karatasi. Nikamwomba tufuatane Msambweni akasikie mwenyewe.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, kwa upole kabisa, "Ndivyo Mungu anavyofanya, mwana wa watu. Mwizi humkausha mate. Daktari wako kasema Kizungu, Mwalimu husema Kiarabu, neno ni moja."

Nikasema mavyaa, mate yalikauka kabla ya mkufu kupotea. Akasema Mungu hujua kabla.

Na akaongeza, mwizi aendaye mahakamani hakosi wakili, ila wa kwangu ndiye wa kwanza kuja na chupa ya matone.

Boga nimempelekea salamu Ramisi aje mapema. Kajibu atakuja Ijumaa, kwa sala.

Jumatano, 4 Machi

Biasha kaja tena. Safari hii hakupiga hodi, kapita uani moja kwa moja, kanikuta nasafisha dagaa. Akachutama, akashika dagaa naye.

Akasema, "Shoga, nimesikia mdomo wako hauna mate."

Nikamwuliza kasikia wapi. Akasema kisimani, wapi tena, mavyaa wako kesha watangazia. Kisha akasema bila kuniangalia: "Ijumaa nitaingia mimi mbele. Mkate utanikaba."

Sikuelewa. Akarudia. Ati atajikohoza, atautema mkate. Mwizi akishapatikana hawatanifikia mimi. Yeye ni mjane, hana wa kumwacha, na tangu Idi kaka yake Vanga anamwita akakae kwake. Ataondoka tu, na jina atawaachia wao.

Nikamwambia, kwa nini? Akasema, "We una mtoto. Mimi n'na nini? N'na sanduku."

Nilimtazama usoni mpaka macho yakawaka. Ana macho ya maji, Biasha. Daima yalikuwa ya maji. Nimeyaonea wivu leo.

Alhamisi, 5 Machi

Mtu hajitwishi jina la mwizi bure. Ndivyo ninavyosema asubuhi.

Mchana nasema: labda hajitwishi, labda ni lake. Anaujua mkate utamkaba, basi anajitangulizia, aonekane kafanya hisani. Na sanduku lina nini? Na mbona kaka yake amwite sasa, tangu Idi, siku ile ile?

Jioni nasema: alimtoa Mejumaa tumboni mwangu yeye, mkunga alipochelewa.

Akiwa mwizi, nimeokoka kwa haki. Asipokuwa, nimeokoka kwa dhuluma. Kuokoka ni kule kule, Mejumaa analala kitandani kwangu. Nataka iniwie rahisi na haiwi.

Sikumwambia ndiyo. Sikumwambia la.

Ijumaa, 6 Machi. Baada ya sala

Wamenitia chumba cha ndani tusionane na Biasha. Mavyaa kanikuta na daftari, akadhani naandika barua kwetu Kibuyuni ya kuaga. Akaguna, akaniacha. Acha adhani.

Ukumbini wamejaa. Boga namsikia akikohoa kile kikohozi chake cha aibu. Mwalimu anasoma. Biasha ndiye wa kwanza, kaomba mwenyewe.

Anakohoa.

Anakohoa sana! Kelele. Mtu kasema umemkaba. Mwalimu anauliza mara ya kwanza, mkufu uko wapi. Anauliza tena. Sauti ya Biasha, imekauka kama yangu: ameuuza Mombasa kwa mtu asiyemjua. Wanawake wanampigia yowe. Mtoto wa jirani anaimba mwizi, mwizi, na hapana anayemnyamazisha.

Kikohozi kilitangulia. Nilisikia vizuri, nilikuwa nimebana pumzi. Mwalimu alikuwa hajamaliza bismillahi, mkate haujafika mdomoni. Sasa, aliogopa kwa kuwa ni mwizi? Au aliharakisha kwa kuwa ni mwongo?

Baadaye kidogo

Mavyaa kaingia. Uso mwingine kabisa! Kaleta sahani, kipande cha mkate ule ule juu yake, na kata ya maji. Akasema kula, mwanangu, mkate uliosomewa hautupwi, ni baraka, na maji haya hapa teremshia, wewe hutakiwi kuapa tena. Mwanangu. Miaka minane sijaitwa hivyo. Boga akachungulia nyuma yake, anatabasamu kama bwana harusi.

Wametoka. Nje wanamwambia Biasha jua lisimchwee Kinondo. Wanataka kwanza kwenda kwake kulipekua sanduku.

Sahani iko hapa mbele yangu. Nikinywa maji, mkate utashuka, yamekwisha. Mejumaa wangu, nyumba yangu. Na Biasha atakuwa mwizi mpaka kufa kwake, na wajukuu wa kisima watamsimulia.

Na kama ni yeye kweli? Sijui. Kama yule daktari, sijui. Sanduku lake sijaliona ndani. Moyo wangu bado unamshuku, ndivyo ulivyo, siwezi kuukanya. Lakini mkate huu naujua. Huu ulinikwama shambani na mkufu sikuugusa. Mkate ukitukaba wawili na mkufu ni mmoja, wataamini ya nani?

Naogopa.

Maji nimeyamwaga dirishani. Nimemwita Mwalimu kwa sauti, nimemwita Boga, nimesema waje wote na wamrudishe Biasha, mimi nami sijala kiapo changu. Kisha nimekitia kipande chote mdomoni.

Natafuna. Kesha kuwa udongo. Mavyaa ndiye wa kwanza mlangoni, anauliza kuna nini tena mwanangu, nami mdomo umejaa, siwezi kumjibu.